Kiti Hiki ni cha Nani?

  Leo tuzungumze juu ya uchaguzi. Usinikimbie, sina habari ya kura za rais, wala za hapa kwetu. Nataka nikupeleke Marekani, kwenye jimbo la Georgia, mjini Atlanta, nikusimulie habari za mtu aliyekuwa mjumbe wa bunge la jimbo. Jina lake Julian Bond.

Swali langu leo ni moja, na nitalirudia kila baada ya hatua ili lisitupotee njiani. Mtu akishachaguliwa, kile kiti anachokwenda kukikalia ni cha nani? Ni chake yeye? Ni cha wale atakaowakuta ndani ya ukumbi? Au ni cha waliopanga foleni wakampigia kura? Liweke hilo karibu.

Kwanza tuelewane kuhusu bunge la jimbo. Sisi tukizisikia habari za Marekani redioni, tunasikia Washington: rais kasema hivi, Seneti imepitisha vile. Lakini kila jimbo kule lina bunge lake. La Georgia lina mabaraza mawili, Seneti na Baraza la Wawakilishi. Ndugu zangu wa Zanzibar, jina hilo la pili mnalijua vizuri. Nanyi wa Kenya, mkifikiria mabunge ya kaunti mtakuwa mmekaribia, ingawa bunge la jimbo la Marekani lina nguvu zaidi. Ndilo linalotunga sheria za shule, za polisi na za nyumba. Ndilo linaloamua watu wajiandikishe vipi kupiga kura. Na katika majimbo mengi, Georgia ikiwemo, ndilo linalochora mipaka ya maeneo ya uchaguzi, jambo ambalo tutalirudia mwishoni kwa sababu lina kisa chake.

Wajumbe wa Georgia huchaguliwa kila baada ya miaka 2. Hukutana kuanzia Januari kwa siku 40 za vikao, basi, kila mmoja anarudi kwenye shughuli zake: huyu shambani, yule ofisini kwake, mwingine dukani. Haikuwa kazi ya kumtajirisha mtu. Mwaka 1965 mshahara wa mjumbe ulikuwa dola 2,000 kwa mwaka mzima.

Sasa Bond mwenyewe. Alizaliwa Januari 1940 mjini Nashville, katika nyumba ya wasomi. Baba yake, Horace Mann Bond, alikuwa mkuu wa chuo cha Lincoln huko Pennsylvania, chuo alichosoma Kwame Nkrumah wa Ghana. Kwa hiyo kijana hakukulia kwenye dhiki. Angeweza kuishi maisha ya starehe kiasi, akafundisha, akaandika mashairi yake, maana alikuwa na kipaji hicho pia. Alipokuwa mwanafunzi wa chuo cha Morehouse, Atlanta, mwaka 1960, wanafunzi weusi wa miji ya kusini walianza kuingia kwenye mikahawa ya wazungu na kukaa. Wanakaa tu. Wanaagiza chai, wanakataliwa, hawaondoki. Bond akawa mmoja wa viongozi wa wanafunzi wa Atlanta waliofanya hivyo, na mwaka huohuo akawa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha wanafunzi cha kupigania haki kilichojulikana kwa herufi zake, SNCC. Kazi yake humo ilikuwa habari. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga simu magazetini na kutoa taarifa: kijiji fulani watu wamepigwa, mji fulani wamekamatwa kwa kutaka kujiandikisha.

Hapa kuna jambo linalotugusa sisi wa Afrika Mashariki. Desemba 1963, siku chache baada ya Kenya kupata uhuru, Jaramogi Oginga Odinga alikuwa ziarani Marekani, naye akafika Atlanta. Vijana wa SNCC walikwenda hotelini kumsalimia. Walipotoka hapo waliingia mkahawa wa jirani kunywa kahawa, wakakataliwa kuhudumiwa kwa sababu ya rangi yao, wakakamatwa. Hebu fikiria. Waziri wa taifa jipya la Afrika yumo mjini, mgeni wa heshima, na hatua chache tu kutoka hotelini kwake vijana wanatiwa pingu kwa ajili ya kikombe cha kahawa. Vijana wale walitunga wimbo kuhusu siku hiyo wakaupa jina lake, Oginga Odinga, na ukaimbwa kwenye mikutano yao. Mshike Odinga, tutakutana naye tena.

Tuje kwenye uchaguzi. Kwa nini kijana mweusi wa miaka 25 alipata nafasi ya kugombea Georgia mwaka 1965, wakati miaka michache nyuma jambo hilo lilikuwa ndoto? Sababu iko kwenye hesabu, nami nitaieleza bila kukuchosha. Georgia ina kaunti 159. Zamani kaunti ndogo kabisa ilikuwa na mjumbe mmoja katika Baraza la Wawakilishi, na kaunti kubwa kuliko zote, Fulton, uliko mji wa Atlanta, ilikuwa na watatu tu. Fulton ilikuwa na watu zaidi ya laki tano na nusu. Kaunti ya Echols, kule kusini, haikufikisha watu elfu mbili. Umeona? Kura ya mtu wa mjini ilikuwa kama haipo. Na weusi wengi wenye uwezo wa kupiga kura walikuwa wapi? Mjini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi kadhaa, kwamba mambo hayo hayakubaliki: kura ya mtu mmoja iwe na uzito sawa na ya mwingine. Georgia ikalazimika kuchora maeneo mapya, Atlanta ikapata viti vingi zaidi, na ukaitishwa uchaguzi maalumu Juni 1965. Eneo moja jipya liliitwa eneo namba 136. Lilikuwa na wapiga kura wapatao 6,500, na karibu 6,000 kati yao walikuwa weusi. Humo ndimo Bond alimogombea.

Kampeni yenyewe ilikuwa ya miguu. Nyumba kwa nyumba, mlango kwa mlango, vijana wa SNCC wakimsaidia. Ninachokipenda ni kwamba aliwauliza watu wanataka nini kabla hajawaambia yeye anataka nini. Wakamwambia: kazi. Mshahara wa maana. Nyumba zisizovuja. Kwa hiyo akasimama na ahadi ya kima cha chini cha mshahara cha dola 2 kwa saa. Leo ahadi kama hiyo ni ya kawaida, lakini waulize waliokuwa wakifua nguo za watu Atlanta wakati ule ilikuwa na maana gani. Bond akashinda kwa zaidi ya asilimia 80 ya kura.

Turudi kwenye swali letu. Kiti hiki ni cha nani? Mpaka hapa jibu linaonekana jepesi. Watu wamekwenda, wamepiga, wamehesabiwa. Kilichobaki ni kuapishwa, na kikao kilipangwa kuanza tarehe 10 Januari 1966.

Wiki moja kabla ya kikao, tarehe 3 Januari, kijana mweusi aitwaye Sammy Younge aliuawa kwa risasi mjini Tuskegee, jimbo jirani la Alabama. Alikuwa na miaka 21. Alikuwa amelitumikia jeshi la wanamaji la Marekani. Ugomvi ulioishia kwenye kifo chake ulianzia kituo cha mafuta, kwa sababu alitaka kutumia choo cha wazungu. Msikilizaji, sina namna ya kulipamba jambo hili wala sitaki. Askari wa nchi ameuawa nyumbani kwa sababu ya choo.

Tarehe 6 SNCC ikatoa tamko. Vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto, na tamko lilisema wazi kwamba chama kinavipinga, kwamba kifo cha Younge na vifo vya wanakijiji wa Vietnam vinafanana, na kwamba kinawaonea huruma vijana wanaokataa kwenda jeshini. Bond hakuliandika yeye. Lakini mwandishi wa redio akampigia simu kumwuliza: wewe mjumbe mteule, unakubaliana na haya? Angeweza kukwepa. Siku nne tu zilibaki aapishwe! Angesema atatoa maoni baadaye, angesema hajalisoma vizuri, maneno ya wanasiasa tunayajua. Akajibu ndiyo, analiunga mkono. Akaeleza kwamba yeye ni mtu wa amani, anapinga vita hivyo na vita vingine vyote, na kwamba anaona ni unafiki nchi kudai inapigania uhuru wa wengine ng'ambo huku raia wake ndani hawana uhuru huo. Mazungumzo yalirekodiwa kwenye utepe.

Moto ukawaka. Wajumbe 75 wa Baraza wakatia saini malalamiko kwamba Bond asiruhusiwe kukaa. Hoja yao ilikuwa kwamba mjumbe anaapa kuilinda Katiba ya Marekani na ya Georgia, na mtu mwenye maneno kama haya hawezi kuapa kwa moyo wa kweli. Yaani hawakusema hakushinda. Hawakusema ni mdogo wa umri, wala kwamba haishi katika eneo lile. Walisema: tumeuchungulia moyo wake, kiapo chake hakitakuwa cha kweli.

Asubuhi ya tarehe 10 wajumbe wakakusanyika. Karani wa Baraza akakataa kumwapisha Bond mpaka malalamiko yale yaamuliwe. Wenzake wakainua mikono, wakaapa, yeye akiwatazama. Siku hiyohiyo kamati maalumu ikakaa kumhoji, na utepe wa ile simu ukachezwa mbele yao. Kubwa lililowakera lilikuwa kauli yake kwamba anaustahi ujasiri wa vijana wanaochoma kadi zao za kuandikishwa jeshini. Wakamwuliza. Naye akajibu kwa utulivu kwamba hajamshawishi mtu yeyote achome kadi. Kadi yake mwenyewe iko mfukoni, wakitaka kuiona ataitoa. Alichosema ni kwamba anamheshimu mtu anayesimama kwenye imani yake huku akijua adhabu inamsubiri.

Nakuomba uitazame picha hiyo. Ukumbi umejaa wanaume wazima wamemkasirikia kijana mmoja kwa habari ya kadi zilizochomwa, na kadi ya kijana mwenyewe imo mfukoni mwake, nzima, haina hata alama ya moto. Haikusaidia. Usiku ule Baraza lilipiga kura: 184 walitaka asikalie kiti, 12 walitaka aapishwe.

Je, 184 wanaweza kuwafuta 6,500? Hilo ndilo swali letu. Ukialika mgeni kwenye harusi yako, bawabu wa ukumbi ana haki ya kumwuliza kama ana mwaliko. Hana haki ya kumrudisha kwa kuwa hapendi maoni yake.

Na jambo lenyewe halikuwa geni katika Baraza lile. Mwaka 1868, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na kuondolewa kwa utumwa, weusi wa Georgia walipata kura na wakachagua wawakilishi weusi kwa mara ya kwanza. Kabla mwaka haujaisha wenzao wazungu waliwafukuza, kwa hoja kwamba haki ya kupiga kura si haki ya kushika madaraka. Ililazimu serikali ya Washington iingilie kati ndipo waliofukuzwa wakarudishwa, mwaka 1870. Baadaye mlango ukafungwa tena. Tangu mwaka 1907 hakukuwa na mtu mweusi hata mmoja katika bunge lile mpaka Leroy Johnson aliposhinda kiti cha Seneti mwaka 1962. Kwa hiyo wazee wa Atlanta walipomwona Bond anaambiwa asimame pembeni, hawakuona kioja kipya. Walikuwa wamesimuliwa.

Sasa nataka tukae kidogo na wale wapiga kura, kwa sababu simulizi nyingi za Bond huwapita haraka na mimi naona wao ndio kiini. Kwa mwaka mzima eneo namba 136 halikuwa na mtu ndani ya Baraza. Bajeti ya shule ilipitishwa, wao hawana sauti. Sheria zilipigiwa kura, wao hawamo. Mmoja wa wakazi wa eneo lile alikuwa Martin Luther King. Ndiyo, King yuleyule, mwenye tuzo ya amani ya Nobel, aliyekuwa amehamia mtaa wa Vine City. Hata yeye, jina lote lile, hakuwa na mjumbe. King aliongoza maandamano kwenda kwenye makao ya bunge, na akajiunga na Bond kwenda mahakamani kama mkazi aliyenyang'anywa mwakilishi wake.

Mahakama ya kwanza ilikuwa na majaji watatu. Wawili wakakubaliana na Baraza, mmoja akapinga. Bond akashindwa.

Huku kesi ikipanda ngazi, Baraza likatangaza kwamba kiti kiko wazi, uitishwe uchaguzi mdogo. Tarehe 23 Februari 1966 watu wa eneo namba 136 wakaitwa tena kwenye masanduku. Mnadhani walimchagua nani? Bond. Mwezi Mei kamati ya Baraza ikamwita: unafuta maneno yako? Sifuti. Basi hukai. Septemba zikaja kura za mchujo za chama chake cha Democratic, Bond. Novemba ukaja uchaguzi mkuu wa kawaida, Bond tena.

Ninawastahi sana watu wale. Kupiga kura Georgia kwa mtu mweusi wa wakati ule hakukuwa jambo la kutembea na kurudi. Walikuwepo wazee waliokatazwa sehemu kubwa ya maisha yao, maana mpaka mwaka 1946 mchujo wa chama kilichotawala jimbo ulikuwa wa wazungu peke yao. Na kila mara wanaambiwa: mmekosea, chagueni tena. Wangeweza kuchoka. Wangeweza kusema, jamani tumtafute mwingine mpole, tupate angalau mtu wa kutusemea shida zetu. Hoja hiyo ina uzito na nina hakika ilisemwa mezani katika nyumba nyingi, kwa sababu mwenye paa linalovuja hana muda wa kusubiri majaji. Hata hivyo walirudi, wakaandika jina lilelile.

Nilisema tutakutana tena na Odinga. Mwaka huohuo wa 1966, mwezi Aprili, Jaramogi alijiuzulu umakamu wa rais wa Kenya na kuongoza chama kipya cha KPU. Katiba ikabadilishwa upesi kwamba mbunge anayehama chama alichochaguliwa nacho ni lazima arudi kwa wapiga kura. Juni ukafanyika ule unaokumbukwa kama Uchaguzi Mkuu Mdogo, na watu wa Bondo, eneo lake la uchaguzi, wakamrudisha Odinga bungeni. Mambo haya mawili hayafanani kila upande: Odinga alikuwa amehama chama, na kuna wanaoamini kwa dhati kwamba anayehama sharti arudi kuomba ridhaa. Bond hakuhama popote. Lakini watu wa Bondo na watu wa Vine City, mwaka mmoja, waliulizwa swali moja mara ya pili, na wote wakatoa jibu lao la kwanza.

Tarehe 5 Desemba 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani ikatoa hukumu. Majaji wote tisa kwa sauti moja, na Jaji Mkuu Earl Warren ndiye aliyeiandika. Wakasema Baraza lina haki ya kudai kiapo, lakini halina haki ya kukitumia kiapo hicho kama chujio la kupima maoni ya watu. Wakasema mjumbe ana uhuru wa kuikosoa sera ya taifa kama raia yeyote. Tena wakaenda mbali zaidi: mjumbe anatakiwa apewe nafasi pana ya kusema, kwa sababu wapiga kura wake wanahitaji kuyajua mawazo yake ili wampime vizuri, na wanahitaji mtu wa kuwasemea. Sehemu hiyo ndiyo niipendayo. Ulinzi wa ulimi wa mjumbe haukuwekwa kwa faida yake. Ni wa yule aliyemtuma.

Januari 1967 Bond akaapishwa, akakaa. Na unajua moja ya shughuli za kwanza za Baraza lile? Kumchagua gavana. Uchaguzi wa Novemba haukuwa umempa mgombea yeyote wingi uliotakiwa, kwa hiyo uamuzi ukaangukia kwa bunge, nalo likamchagua Lester Maddox. Huyu Maddox alijulikana kote kwa kuwafukuza wateja weusi mlangoni pa mkahawa wake mwaka 1964, bastola mkononi, na mashabiki wake wakishika mipini ya mashoka. Bond akaingia kwa hukumu ya majaji tisa, na siku ya pili yake akakuta wenzake wanamkabidhi jimbo mtu wa namna hiyo. Ndivyo kazi ya bunge ilivyo, msikilizaji. Unashinda kesi kubwa, halafu kesho yake unahesabu kura na kujikuta mko wachache.

Yaliyofuata niyapitie haraka. Mwaka huohuo wa 1967 alitoa kitabu cha vibonzo kuhusu vita vya Vietnam, ili hata asiyezoea kusoma maandishi marefu aelewe. Mwaka 1968, kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Chicago, jina lake lilipendekezwa kwa umakamu wa rais. Akajitoa kwa heshima: Katiba inataka miaka 35 na yeye alikuwa na 28. Georgia alibaki barazani hadi 1975, akahamia Seneti ya jimbo, akakaa humo hadi 1987. Jumla miaka 20. Nyingi katika hizo hazikuwa na kamera wala maandamano. Zilikuwa za vikao vya kamati, miswada ya maskini na ya wagonjwa, barua za watu waliokatiwa posho, na kuomba kura moja moja kwa wenzake ambao wengine walikuwa miongoni mwa wale 184.

Nilikuahidi kisa cha mipaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Georgia ilichora upya maeneo ya kuwachagua wabunge wa kwenda Washington. Bond, akiwa Seneti, alipigania eneo moja la Atlanta, Eneo la Tano, lichorwe ili wapiga kura weusi wawe wengi vya kutosha kumchagua mtu wamtakaye. Bunge la jimbo likakataa. Jambo likaishia mahakamani, mahakama ikakataa ramani ya jimbo, na eneo likachorwa upya. Kiti kile, kwa namna fulani, kilikuwa kazi ya mikono yake.

Mwaka 1986 akakigombea. Wengi walidhani ni chake. Msomi, msemaji mzuri, sura yake inajulikana nchi nzima. Aliyejitokeza kupambana naye ni John Lewis, rafiki yake wa tangu SNCC, mwana wa wakulima wa Alabama aliyepasuliwa kichwa na marungu ya polisi kwenye daraja la Selma mwaka 1965. Marafiki wa zaidi ya miaka 20, kiti kimoja. Mchujo wa kwanza Bond aliongoza kwa asilimia 47 lakini hakufikisha nusu. Wakaenda duru ya pili. Kampeni ikawa chungu. Lewis akamtaka hadharani wapimwe wote dawa za kulevya, jambo lililomuumiza Bond na kuwaumiza waliowapenda wote wawili. Kura zilipohesabiwa Septemba, Lewis 52, Bond 48.

Swali letu, msikilizaji, lina upande huu pia, na ndio mgumu kumeza. Tulishangilia pamoja wapiga kura wa eneo namba 136 walipokataa kuambiwa wamchague nani. Basi na hawa wa 1986 tuwape heshima ileile. Bond alilihangaikia eneo lile mpaka likapatikana. Hakuna aliyeweza kumwambia kwamba hakustahili. Lakini kustahili hakumpi mtu kiti. Anayekigawa ni mwingine, na mwingine huyo aliamua kumpa rafiki yake.

Lewis alikishikilia kiti hicho hadi alipofariki Julai 2020. Bond alifundisha vyuo vikuu, akaongoza chama kikongwe cha haki za weusi, NAACP, kuanzia 1998 hadi 2010, akafariki Agosti 2015. Siku ile Lewis alisema kwamba kampeni ya 1986 iliwapitisha kwenye kipindi kigumu, lakini walitoka humo wakiwa karibu kuliko mwanzo.

Muda wetu unayoyoma. Wengi mmekuwa mkiniuliza habari za lile daraja la Selma nililoligusia, kwa nini watu walipigwa pale na Lewis alipataje lile kovu. Wiki ijayo, saa kama hii, tutavuka pamoja.